Picha ya moyo inajibu swali gani?

Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua anaweza kupimwa umeme wa moyo akaambiwa hali ni shwari, akafanyiwa eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, akaambiwa moyo unasukuma damu vizuri, kisha siku chache baadaye akaelezwa kwamba kipimo cha CT, ile eksirei inayozunguka mwili, kimeonyesha mshipa mmoja wa moyo umeziba zaidi ya nusu. Wengi wakifika hapo hudhani daktari wa kwanza alikosea, au mashine ya kwanza ilikuwa mbovu. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Vipimo vitatu vimeulizwa maswali matatu tofauti, na kila kimoja kimejibu lake.

Teknolojia ya kupiga picha za moyo imepiga hatua kubwa mno, na kila mashine mpya inapotoka husifiwa kwamba inaonyesha zaidi ya iliyotangulia. Ni kweli. Ila ukali wa picha peke yake haumponyi mtu. Kinachomsaidia mgonjwa ni picha iliyojibu swali sahihi, kwa wakati, na jibu hilo likabadilisha matibabu yake. Ukiusoma mfululizo wa mashine hizi kwa jicho hilo, mambo mengi yanayoonekana kama vurugu hujipanga yenyewe.

Ugumu wa kazi hii unaanza na moyo wenyewe. Una ukubwa wa ngumi, umejificha nyuma ya mfupa wa kidari na mbavu, umezungukwa na mapafu yaliyojaa hewa, na hautulii: hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Mishipa inayoulisha, ambayo ndiyo huziba na kuleta shambulio la moyo, ina upana wa milimita 2 hadi 4 tu, na huruka pamoja nao kwa kila pigo. Mfupa wa mguu uliovunjika unaweza kuupiga picha bila haraka, lakini moyo lazima uuwahi.

Kipimo cha umeme wa moyo, kile cha vibandiko na waya kifuani, si picha. Kinasoma mdundo na njia ya umeme. Kinaweza kukamata shambulio la moyo linaloendelea dakika ile ile, na kwa hilo hakina mbadala, lakini hakioni valvu (vile vimilango vya moyo vinavyoelekeza damu), hakioni unene wa ukuta, wala hakioni mafuta yaliyojijenga kwenye mshipa wa mtu aliyetulia kitandani bila maumivu. Kipimo hiki kuwa safi ni habari njema, lakini ni habari ya kitu kimoja tu.

Eko: sauti inayorudi

Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walielekeza mawimbi ya sauti kwenye moyo wa binadamu na kurekodi mwangwi wake. Hertz alikuwa ameazima kwanza kifaa kilichotumika katika karakana ya meli huko Malmö kukagua nyufa ndani ya chuma. Walichopata hakikuwa picha kama tunavyoijua leo, bali mistari inayopanda na kushuka. Edler aliisoma mistari hiyo hadi akaweza kutambua valvu iliyokakamaa bila kumpasua mtu.

Msingi haujabadilika. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto ili moyo usogee karibu na mbavu na pafu lipishe kidogo. Mtaalamu hupaka jeli kifuani, kwa sababu hata utando mwembamba wa hewa kati ya kifaa na ngozi huzuia sauti kupita. Kisha huweka kichwa cha mashine katika upenyo kati ya mbavu mbili, akakiinamisha, akakizungusha, akamwambia mgonjwa atoe pumzi na aizuie. Sauti, yenye masafa ya juu kuliko sikio linavyoweza kusikia, husafiri ndani ya nyama kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde, hugonga kuta na valvu, na kurudi. Mashine hupima muda wa kurudi na kuchora umbali. Inafanya hivyo kwa haraka kiasi kwamba kwenye skrini unaona valvu zikifunguka na kufungika moja kwa moja.

Namba ambayo wagonjwa huisikia zaidi kutoka kwenye eko ni EF, yaani sehemu ya damu ambayo chemba kuu ya kushoto huisukuma nje kwa kila pigo. Hapa pana kosa la kawaida sana. Mtu akisoma asilimia 60 hujiona amepungukiwa asilimia 40. Sivyo. Hata moyo wenye afya hausukumi nje damu yote iliyomo. Kiwango cha kawaida ni kuanzia asilimia 50 na kitu hadi 70 hivi. Namba hiyo pia si ya chuma. Watu wawili wakimpima mgonjwa yule yule siku ile ile wanaweza kutofautiana kwa pointi kadhaa, kwa hiyo kushuka kutoka 58 hadi 55 peke yake si sababu ya kukosa usingizi.

Eko ya leo inaona pia mwendo wa damu, na hatua hii naihesabu kuwa kubwa kuliko hata uzuri wa picha. Kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842 inasema kwamba wimbi likigonga kitu kinachotembea, hurudi likiwa limebadilika masafa, na badiliko hilo hutaja kasi ya kitu hicho. Katika miaka ya 1970, Liv Hatle na wenzake mjini Trondheim, Norway, walionyesha kwamba kasi ya damu inayopita kwenye valvu nyembamba inaweza kugeuzwa kuwa shinikizo kwa hesabu fupi: zidisha kasi kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 4. Damu ikipita kwenye valvu ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, kwa mita 4 kwa sekunde, tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za valvu ni milimita 64 za zebaki, na hapo valvu huhesabiwa kuwa imebana vibaya. Kabla ya hapo, kuipata namba hiyo kulihitaji kuingiza mirija hadi ndani ya moyo. Sasa inapatikana kwa jeli na dakika chache.

Hatua nyingine iko kwenye kupima jinsi misuli yenyewe inavyojikunja kwa urefu. Moyo wa kawaida hujifupisha kwa asilimia 20 hivi. Mgonjwa wa saratani anayetumia dawa zinazoweza kuumiza moyo huweza kuwa na EF nzuri kabisa, huku mkunjo huo umeshaanza kupungua. Ukipungua kwa zaidi ya asilimia 15 ya ulivyokuwa kabla ya tiba, daktari anajua moyo umeanza kuelemewa, na anaweza kuanza kuulinda kabla EF haijaporomoka.

Pamoja na hayo yote, eko ya kawaida haionyeshi vizuri ndani ya mishipa inayoulisha moyo, ndiyo maana yule mgonjwa wa mwanzo aliambiwa eko yake ni nzuri. Misuli yake ilikuwa bado inapata damu ya kutosha akiwa amelala.

Kutoka tundu la mshipa hadi ukuta wake

Mwaka 1929, huko Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijichoma mshipa wa mkono, akasukuma mrija mwembamba hadi ndani ya moyo wake mwenyewe, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kuthibitisha. Alikemewa, na mwaka 1956 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards. Mwaka 1958, katika hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani, Mason Sones alikuwa akipiga picha ya aota pale dawa ya kuonyesha mishipa ilipoingia kwa bahati mbaya moja kwa moja kwenye mshipa wa moyo. Wakati huo iliaminika kuwa jambo hilo lingeua. Moyo wa mgonjwa ulisimama kwa muda mfupi, akakohoa, ukarudi kupiga. Kutokana na ajali hiyo ikazaliwa angiografia ya mishipa ya moyo, ambayo mpaka leo ndiyo njia ya kuiona kwa ukali mkubwa, na ndiyo mlango wa kuweka stenti, yaani kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa uwe wazi.

Lakini angiografia ina upofu wake. Dawa hujaza tundu ambamo damu inapita, na picha huonyesha tundu hilo tu. Ni sawa na kupima bomba kwa kutazama maji yanayotoka: kutu iliyomo ndani ya unene wa chuma huijui. Mwaka 1987, Seymour Glagov na wenzake walionyesha kwamba mafuta yanapoanza kujijenga ukutani, mshipa hutanuka kwa nje ili kulinda nafasi ya damu. Tundu huanza kupungua pale mafuta yanapofika asilimia 40 hivi ya eneo la mshipa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa miaka mingi ukutani na tundu likaonekana la kawaida. Na mashambulio mengi ya moyo hutokea mahali ambapo hapakuwa pamebana sana: uvimbe laini wa mafuta hupasuka, damu huganda juu yake, na mshipa hufunga ghafla.

Kipimo cha CT kilikuja kuliona tatizo hilo kutoka upande wa pili. Godfrey Hounsfield alimpima mgonjwa wa kwanza mwaka 1971, kichwani, na mwaka 1979 akashiriki Nobel na Allan Cormack. Moyo ulisubiri sana kwa sababu mashine za mwanzo zilikuwa polepole mno. Picha ya moyo ilitoka ukungu mtupu. Ilibidi mashine izunguke mara kadhaa ndani ya sekunde moja, itumie safu nyingi za vipokezi kwa mpigo, na isome umeme wa moyo ili ipige picha pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mashine za safu 64 zilizoenea kuanzia miaka ya 2004 na 2005 ndizo zilizofanya picha ya mishipa ya moyo kuwa kazi ya kila siku. Ndiyo maana mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kupunguza mapigo, mara nyingi hadi kufika 60 hivi kwa dakika, na nyingine chini ya ulimi ya kupanua mishipa. Dawa ya ayodini ikiingia, mwili mzima huhisi joto la ghafla, na wengine huhisi kana kwamba wamejikojolea. Hawajajikojolea. Ni vyema waambiwe mapema.

Kuna vipimo viwili vya CT ya moyo ambavyo watu huvichanganya. Kimoja hakitumii dawa yoyote: kinahesabu chokaa iliyoganda kwenye mishipa, kwa njia ambayo Arthur Agatston na wenzake waliichapisha mwaka 1990. Kinafaa kwa mtu asiye na dalili anayetaka kujua kama aanze dawa za kupunguza kolesteroli. Sifuri ni alama nzuri sana, lakini haiondoi uvimbe laini ambao haujapata chokaa, hasa kwa mtu mwenye umri mdogo anayesikia maumivu. Cha pili hutumia dawa na kuonyesha tundu na ukuta kwa pamoja, pamoja na mafuta laini yaliyomo.

Thamani ya kuuona ukuta ilidhihirika Scotland. Utafiti wa SCOT-HEART uliwachukua watu 4,146 wenye maumivu ya kifua ya mara kwa mara; nusu walipimwa kwa utaratibu wa kawaida, nusu wakaongezewa CT. Matokeo ya miaka 5, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo au kupata shambulio la moyo lisiloua walikuwa asilimia 2.3 katika kundi la CT na asilimia 3.9 katika kundi la kawaida. Mtu angedhani waliokolewa kwa stenti nyingi zaidi. Hapana. Baada ya miaka 5, idadi ya upasuaji na stenti katika makundi yote mawili ilikaribiana. Kilichotofautiana wazi ni dawa: walioonekana kuwa na mafuta ukutani, hata yale yasiyobana, walianzishiwa zaidi statini, yaani dawa za kupunguza kolesteroli, na aspirini.

Miaka miwili baadaye ukatoka utafiti wa ISCHEMIA, wenye washiriki 5,179 waliokuwa na dalili za misuli ya moyo kukosa damu kwa kiasi cha kati au kikubwa, lakini hali yao ikiwa tulivu. Kupelekwa mapema kwenye stenti au upasuaji hakukupunguza vifo wala mashambulio kwa jumla, ukilinganisha na kuanza na dawa pekee. Kulisaidia kupunguza maumivu kwa waliokuwa nayo. Hayo hayamhusu mtu mwenye shambulio la moyo linaloendelea, ambaye kwake kufungua mshipa haraka ni uhai. Wala hayawahusu wenye kuziba kwa shina kuu la kushoto la mishipa ya moyo, na katika utafiti huo CT ilitumika kuwatambua wengi wa hao na kuwaondoa. Kwangu tafiti hizi mbili zinasomeka pamoja: ugonjwa uko ukutani, na dawa hutibu ukuta wote, si sentimita 2 za stenti.

Nyama yenyewe

MRI haitumii mionzi. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, na uwezo wake wa pekee ni kutofautisha aina ya nyama. Mgonjwa akidungwa dawa yenye gadoliniamu, dawa hiyo hubaki muda mrefu zaidi kwenye kovu kuliko kwenye misuli hai, na baada ya dakika 10 hivi kovu hung'aa jeupe. Mahali kovu lilipo hueleza chanzo: kovu la mshipa kuziba huanzia upande wa ndani wa ukuta, ilhali la maambukizi ya misuli ya moyo hupenda kukaa katikati au upande wa nje. Kovu likila unene wote wa ukuta, kupeleka damu mpya pale hakuwezi kuufufua msuli huo.

Mfano wa MRI ninaouthamini kuliko yote ni wa chuma. Watoto wenye thalasemia kali, ugonjwa wa damu wa kurithi, huongezewa damu maisha yao yote, na kila chupa huacha chuma mwilini. Kikijilundika moyoni huua. Kwa miongo mingi madaktari walikisia kwa kupima ferritini ya damu, protini inayohifadhi chuma, na chuma cha ini, lakini ini na moyo haviendi sambamba, na eko ilionyesha kasoro wakati moyo umeshachoka. Mwaka 2001 timu ya London ilichapisha njia iitwayo T2*: chuma huvuruga uga wa sumaku, kwa hiyo mawimbi yatokayo kwenye moyo hufifia upesi. Yakififia chini ya milisekunde 20, chuma kimeingia. Chini ya 10, hatari ya moyo kushindwa ni kubwa. Wagonjwa wakaanza kuongezewa dawa za kuondoa chuma kabla moyo haujalegea, na huko Uingereza vifo vya wagonjwa hao vilishuka sana katika miaka iliyofuata.

Vipimo vya nyuklia vina swali lao: damu inafika kwenye misuli, hasa moyo ukifanyishwa kazi? Dawa yenye chembe ndogo ya mionzi, kama teknetiamu ambayo nusu yake huisha kwa saa 6, hufuata damu, na kamera huonyesha sehemu isiyofikiwa. Matumizi mapya yaliyoleta faraja ni kwa wazee ambao kuta za moyo wao zimekuwa nene kwa protini ya amiloidi. Aina moja ya dawa iliyokusudiwa kupima mifupa hung'ang'ania moyo wenye protini hiyo, na tangu mwaka 2016 imekubalika kwamba, vipimo vya damu na mkojo vikiwa safi, ugonjwa unaweza kuthibitishwa bila kukata kipande cha moyo.

Kuhusu mionzi, hofu ni halali ila ipimwe. Mtu wa kawaida duniani hupata milisivati 2.4 hivi kwa mwaka kutoka ardhini na angani. CT za moyo za mwanzo zilifikia 10 na zaidi. Uchunguzi wa kimataifa ulionyesha kwamba kati ya 2007 na 2017 kipimo cha kati cha mionzi hiyo kilipungua kwa asilimia 78. Mwenye figo dhaifu, mjamzito, mwenye pumu au mzio wa dawa hizi, au mwenye kifaa cha chuma mwilini, aseme kabla ya kulazwa kwenye mashine, hata kama hajaulizwa.

Nani atashika kifaa

Tangu mwaka 2021 kuna CT inayohesabu kila chembe ya mwanga wa eksirei, na inaona ndani ya stenti ambako zamani kulikuwa na kivuli. Nzuri. Lakini nikiangalia ni wapi picha zinaweza kuokoa wengi, naitazama eko ndogo inayoshikwa mkononi.

Ugonjwa wa valvu utokanao na homa ya rumatiki, homa inayofuata maambukizi ya bakteria kooni, huanza utotoni kimyakimya. Uchunguzi wa watoto wa shule nchini Kambodia na Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba eko iligundua wagonjwa karibu mara 10 ya waliogunduliwa kwa kusikiliza kifua. Swali likabaki: kuwagundua kunawafaa nini? Jibu lilitoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Zaidi ya watoto 100,000 walichunguzwa kwa eko, na 818 waliokuwa na dalili za mwanzo wakagawanywa makundi mawili. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa penisilini kila baada ya wiki 4, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Tokeo hilo lilichapishwa mwanzoni mwa 2022.

Kikwazo ni mikono. Kupata picha nzuri ya eko huchukua mafunzo marefu, na hapa akili mnemba imeanza kusaidia kwa kumwelekeza mshika kifaa azungushe wapi na aegemeze wapi. Katika utafiti wa 2021, wauguzi 8 wasiowahi kushika eko waliwapima wagonjwa 240, na katika asilimia 98.8 picha zilitosha kupima ukubwa na nguvu ya chemba ya kushoto na kuona maji yaliyozunguka moyo. Mwaka 2023, huko Los Angeles, madaktari bingwa walipewa vipimo vya EF bila kujua vimefanywa na programu au na mtaalamu. Walivirekebisha kwa kiasi kikubwa vya programu katika asilimia 16.8 na vya binadamu katika asilimia 27.2.

Programu hizo zilijifunza kwa maelfu ya picha za watu fulani kwenye mashine fulani. Zikipelekwa kwa watoto, au kwa mgonjwa ambaye moyo wake uliumbwa tofauti, namba itatoka vile vile, safi na yenye kujiamini, hata kama si sahihi. Wauguzi wale 8 pia hawakuombwa kupima uvujaji mdogo wa valvu, kazi ambayo bado humtaka mtaalamu aliyeona maelfu ya valvu. Lakini kujua usiku wa manane kama moyo wa mgonjwa anayehema kwa shida umezungukwa na maji ni swali ambalo kifaa cha mfukoni na muuguzi aliyeelekezwa vizuri wanaweza kulijibu sasa hivi, na maji hayo huweza kutolewa kwa sindano usiku huo huo.